Si Kila Nyoka Mdogo Ni Mtoto: Wageni wa Nyumba za Jangwani

Stima ilikuwa imepotea tangu magharibi, na hapa Lodwar stima ikipotea, bafu ndilo la kwanza kuwa giza totoro. Nikaingia na tochi ya simu. Kando ya tundu la kutolea maji kulikuwa na kitu nilichodhani ni kamba ya kiatu, nyeusi inayoelekea kahawia, nyembamba kama utambi wa taa ya chemni, urefu wake haufiki shibiri. Nilipoinama niiokote, kamba ikajipinda.

"Mwalimu, usiguse!" Mama jirani alishafika mlangoni, ufagio mkono mmoja, chupa ya mafuta ya taa mkono wa pili. "Huyo ni mtoto. Mama yake hayuko mbali." Na kabla sijajibu akanimalizia: "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya binadamu, na huko sina ugomvi nayo. Ikirudishwa kwa nyoka wenyewe inatupotosha, hasa sisi wa nyanda kame za kaskazini mwa Kenya, kuanzia Turkana na Marsabit hadi Wajir na Garissa, tunaolala chumba kimoja na nyoka wafupi bila kujua. Yule wa bafuni hakuwa mtoto wa mtu. Alikuwa mtu mzima, amefika kimo chake chote, na asingeweza kuniuma hata ningemtilia kidole mdomoni, maana kidole chenyewe kisingeingia. Ila yuko nyoka mwingine, urefu wake mara mbili tu ya huyo, anayeweza kukulaza wodini siku nyingi huku damu ikikutoka kwenye fizi. Wote wawili tunawaita "kale kanyoka kadogo". Udogo ndilo jambo la kwanza tunaloliona, na ndilo lisilotuambia kitu.

Tulimalize kwanza hilo neno "mtoto". Nyoka wengi wa hapa hawalei. Jike hutaga kwenye ufa au chini ya jiwe, akaenda zake. Wachache huzaa watoto walio hai, lakini hao nao wakishatoka kila mmoja anashika njia yake. Chatu ndiye maarufu kwa kukaa na mayai yake, akiyazungushia mwili mpaka yaanguliwe, na chatu hutamkuta kwenye beseni la kuogea la Lodwar. Kwa hiyo ukimwona nyoka mdogo chumbani, hakuna mama anayemtafuta, wala hakuna mume atakayekuja usiku kulipiza kisasi. Akitokea wa pili, ameletwa na kilekile kilichomleta wa kwanza.

Lipo na lile la kwamba kitoto kina sumu kali kuliko mkubwa kwa sababu hakijajifunza kuipima. Kweli, nyoka wa sumu anaanguliwa na sumu yake, hapo methali imepatia. Lakini tezi za kitoto ni ndogo, na mkubwa akiuma hutia nyingi zaidi. Usikidharau kitoto, ila usije ukapumua kwa sababu aliyekuuma alikuwa mkubwa!

Sasa, kwa nini waingie ndani? Wengi husema wanafuata joto. Jangwani ni kinyume chake. Saa saba mchana mchanga wa hapa unaunguza nyayo hata ukiwa na ndala. Nyoka hana jasho la kumpoza; mwili wake unafuata joto la mahali alipo, na ukikaa muda juu ya nyuzi 40 hivi anakufa. Aliye mdogo ndiye mwenye shida zaidi. Kikombe cha chai hupoa kabla ya birika, na kwa kanuni hiyohiyo mwili mwembamba hupata moto upesi na kukauka upesi. Ndiyo maana nyoka wadogo wa jangwani hawaishi juu ya jangwa. Wanaishi ndani yake: kwenye mashimo ya panya, kwenye nyufa, chini ya mizizi, ndani ya vichuguu, mahali penye ubaridi, giza na unyevu kidogo.

Haya, itazame nyumba yako kwa macho hayo. Sakafu ya saruji iliyopoa. Mtungi unaotokwa jasho pembeni, chini yake pana doa la maji lisilokauka. Bomba la bafu linalotokea kwenye shimo la mawe nyuma ya nyumba. Gunia limeegemezwa ukutani, na kati ya gunia na ukuta pana kichochoro kinachotosha kiumbe mwembamba kulala huku mgongo na tumbo vimeguswa, jambo ambalo nyoka hulipenda. Fundi angeambiwa amjengee nyoka makao bora ya jangwani, nadhani angetujengea chumba na jiko.

Kisha tunamwekea chakula, tena tunampangia. Taa ya nje ikiwashwa jioni, wadudu hujaa. Wadudu wakijaa, mjusi kafiri anakuja ukutani. Mjusi kafiri akizoea, kuna nyoka mwembamba mwenye macho makubwa, mboni zake zimesimama wima kama za paka, ambaye kazi yake usiku ni kumfuata mjusi huyo juu ya kuta na kwenye mapaa. Upande wa pili kuna nafaka. Pakitokea punje sakafuni, panya wapo, na panya wakiwapo wanakuja wale wanaokula panya. Upande wa tatu, tusioutazama kabisa, ni mchwa. Ule udongo mwembamba unaopanda kwenye fremu ya mlango kama mshipa ni barabara ya mchwa, na mchwa wana mlaji wao anayepita barabara hiyohiyo. Ndiye niliyemkuta bafuni.

Nje ya mlango tumeongeza kitanda. Mathenge, ule mti wa miiba uliotutapakaa kando ya Turkwel na kule Baringo, ndio kuni zetu na ua zetu. Tunaukata, tunaurundika ukutani kwa nyuma, tunausahau mwezi. Rundo la mathenge ukutani lina kivuli mchana, joto la ukuta usiku, panya kwa chini, na miiba ya kumzuia kuku na paka. Mimi mwenyewe nililiacha langu karibu mwaka.

Mvua nayo ina mchango wake. Watu hushangaa kuona nyoka wengi baada ya mvua, wakadhani wamezaliana usiku mmoja. Mashimo yamejaa maji, basi. Waliokuwa chini wako juu, wanatafuta pakavu, na siku hizohizo kumbikumbi wanaruka na vyura wametoka, hivyo wenye njaa nao hawalali. Ufa wa chini ya mlango unaopitisha kidole kidogo unapitisha nyoka wengi ninaowataja hapa.

Turudi kwa yule wa bafuni, maana anastahili kutazamwa kwa karibu, na ni wachache wanaompa nafasi hiyo. Yeye ni wa jamii ya nyoka-uzi. Mbali ni mnyoo, lakini mnyoo una pingilipingili na utelezi, huyu ana magamba laini yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na ukisubiri utaona ulimi mdogo sana, mweupe, ukitoka na kurudi. Macho yake ni nukta mbili chini ya gamba; yanajua mwanga na giza, si zaidi. Mkia umekaa kama kichwa na mwisho wake una ncha. Ukimshika anakuchoma na hiyo ncha, watu wanarusha mikono wakipiga kelele kwamba wameumwa. Hana sumu. Meno yake yapo kwenye taya la chini tu, na anapovamia chumba cha mayai na mabuu ya mchwa, taya hilo hufunguka na kufunga ndani kama milango miwili ya kabati, kwa kasi, likiwakokota mabuu kuingia kooni. Anaharakisha kwa sababu askari wa mchwa wanauma, na kila sekunde anayokaa mezani anailipia.

Binamu yake ni nyoka-kipofu, mnene kidogo, na mmoja wa hao ana kisa chake. Ni yule mweusi mdogo anayepatikana sana Pwani, kwenye vyungu vya maua na mboji, aliyetapakaa duniani kwa kusafirishwa na udongo wa miche. Wote ni majike. Hawahitaji dume, jike mmoja kwenye chungu kimoja anatosha kuanzisha ukoo katika mji mpya.

Nyoka-uzi niliyemkuta nilimsukuma kwa karatasi akaingia kwenye kikombe cha plastiki, nikampeleka kwenye kichuguu nyuma ya shule. Mama jirani alinisindikiza na chupa yake ya mafuta ya taa, kwa tahadhari. Nyoka aligusa udongo, akapapasa mara mbili tatu, akapata tundu ambalo sisi wawili hatukuliona, akazama. Jirani akasema, "Kumbe ni mnyoo tu." Hilo nalo si kweli, lakini ilikuwa saa nne usiku na nilimwachia.

Wa pili ambaye watu humwonea ni chatu-mchanga. Ni mfupi, mnene, rangi ya chungwa iliyotiwa madoa ya kahawia, mkia butu hata usijue kichwa kiko upande gani. Ndiye "nyoka wa vichwa viwili" wa hadithi zetu. Dume lake linaweza lisifike nusu mita. Huzama mchangani akabakiza macho tu, akamngoja panya. Huko Ulaya na Marekani watu wanamfuga nyumbani kwa raha zao. Hapa anapigwa jembe.

Kuanzia hapa mambo yanabadilika, na ndiyo sababu siwezi kukuambia "mdogo hana neno".

Yuko nyoka mweusi anayeng'aa, unene wa kidole, kichwa butu kisicho na shingo, macho madogo, mkia mfupi unaoishia ncha. Anaishi ardhini, hutoka usiku hasa baada ya mvua, na anaonekana mpole kuliko wote. Kisayansi ni wa jenasi, yaani ukoo, wa Atractaspis. Meno yake ya sumu ni marefu kupita kiasi kwa kichwa kile, na hana haja ya kufungua mdomo ili akuume: hutoa jino moja pembeni ya mdomo akachoma kwa nyuma, kama mtu anayekukita kiwiko. Kwa hiyo ile namna ya "kumkamata shingoni" unayoiona kwenye video haimhusu. Ukimkamata shingoni umempa kidole. Maumivu ni makali, mkono unavimba, ngozi huweza kutoka malengelenge na kidole kuwa cheusi. Dawa mahususi ya sumu yake haipo hospitalini, unatibiwa dalili. Wengi wanaochomwa walimwokota wenyewe au walimlalia kwenye mkeka. Sheria yangu nyumbani ni hii: cheusi, laini, kinang'aa, hakiguswi kwa mkono hata kama nina uhakika ni nyoka-uzi.

Swila mwekundu simwiti mdogo akikomaa, maana anapita mita moja, lakini kitoto chake ndicho kinachoingia jikoni: rangi ya chungwa au nyekundu ya matofali, na utepe mweusi kooni. Hutema. Sumu ikiingia jichoni, maji mengi, upesi, dakika nyingi, ukifungua kope kwa vidole. Pasipo maji maziwa yatafaa. Usitie majani wala kitu kingine chochote. Kisha hospitali.

Aliyenifanya niandike haya yote ni wa mwisho. Kitaalamu anaitwa Echis pyramidum. Wazungu walimpa jina la zulia kwa ajili ya nakshi za mgongoni. Mimi humwita moma-zulia, kwa kuwa ni wa ukoo wa moma. Mkubwa wake wa kawaida ana sentimita 30 hadi 60. Rangi ni ya mchanga wa mahali alipo, kijivu, kahawia au nyekundu iliyopauka, na madoa meupe yaliyokaa kama upinde ubavuni. Kichwa kama pea, shingo nyembamba, mboni wima, magamba yanakwaruza kama msasa. Kwa kujificha hana mpinzani: nimewahi kuonyeshwa mmoja kwa ncha ya fimbo, umbali wa hatua mbili, nikachukua muda kumwona.

Akisumbuliwa hakimbii mbali. Hujikunja kama herufi C ndani ya C nyingine, na zile pindo zinasuguana mfululizo. Magamba ya ubavuni yana meno kama ya msumeno, kwa hiyo msuguano unatoa sauti ya mafuta yanayochemka kwenye karai. Nyoka wengine hupuliza kwa pumzi. Wapo wanasayansi wanaosema huyu amechagua kusugua kwa sababu kila pumzi ya kutisha ni mvuke unaopotea, na jangwani maji hayachezewi. Ukisikia kitu kinakaangika gizani na jiko limezimwa, simama ulipo, washa tochi, kisha ndipo urudi nyuma.

Kwa wingi, usiseme. Karibu na mlima Moille, kaskazini mwa Kenya, wawindaji wa nyoka wa zamani walikusanya maelfu yao katika miezi michache. Nususpishi ya kwetu, yaani tawi la spishi hiyo, ilipewa jina leakeyi mwaka 1969, kutokana na sampuli ya Kampi ya Samaki, Baringo, kwa heshima ya Jonathan Leakey, aliyeishi huko akifuga nyoka na kukamua sumu. Ndiye yuleyule mtoto wa Louis na Mary Leakey, watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, aliyeokota taya la kale huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1960. Watu wa fuvu na watu wa nyoka walikuwa familia moja.

Sumu yake inafanya kazi ambayo ni vigumu kuiamini mpaka uione. Tunasema "inayeyusha damu", na matokeo yanafanana na hivyo, lakini mwanzo wake ni kinyume. Sumu inaiamrisha damu igande. Ndani ya mishipa, hapa na pale, vinaanza kutokea vitonge vidogo visivyohitajika, na mwili unatumia akiba yake yote ya protini za kugandishia. Mfikirie mwashi aliyetumia mifuko yote ya saruji kuziba nyufa za ukuta usiovuja. Paa likitoboka hana hata konzi. Baada ya saa kadhaa damu haina kitu cha kugandia. Fizi zinatoka damu, kidonda cha wiki iliyopita kinafunguka, mkojo unabadilika rangi. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri, amekula ugali, anasema yuko sawa. Asipotibiwa hali hiyo hukaa siku hata wiki, na damu ikivuja kichwani hakuna wa kumrudisha.

Kipimo cha hospitali ni cha bei ya chupa. Muuguzi anachukua damu kidogo mkononi mwa mgonjwa, anaitia kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, anakisimamisha mezani, hakitikisi. Dakika 20. Kisha anakiinamisha mara moja. Damu ikiwa tonge, inashika chini ya kichupa. Ikitiririka ukutani kama juisi ya ukwaju, sumu imefanya kazi yake na dawa inahitajika. Ni lazima kiwe kioo, kwa sababu damu huanza kuganda ikigusa kioo na plastiki haifanyi hivyo, na kisiwe kimeoshwa kwa sabuni ya unga, maana mabaki ya sabuni yanaharibu jibu. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri kichupa cha kijana wa darasa langu, aliyeumwa kifundoni akienda haja usiku bila viatu. Dakika 20 ni ndefu. Chake kilitiririka. Dawa ilipatikana mji mwingine, alfajiri, na kijana amerudi shuleni.

Hapo kwenye "dawa ilipatikana" ndipo penye fundo lililobaki. Antivenomu si panadol. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi au kondoo sumu kidogokidogo, kisha kuchuja kinga kwenye damu yake, na kinga hiyo inazijua sumu zile tu alizofundishwa mnyama. Ile ya mchanganyiko itengenezwayo Afrika Kusini, iliyosaidia wengi walioumwa na moma na koboko, mnyama wake hakufundishwa sumu ya Echis. Wao wana chupa tofauti kwa ajili ya nyoka huyu. Na jina moja la jenasi halitoshi. Huko Ghana hospitali moja ilibadilisha dawa, ikaleta iliyotengenezwa kwa sumu ya Echis wa Asia kutibu walioumwa na Echis wa kwao. Ripoti ya mwaka 2008 ilionyesha vifo vimepanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Lebo ilikuwa sahihi, nyoka ndiye hakuwa yule.

Juu ya hayo, Fav-Afrique, dawa iliyokuwa ikisifiwa kwa kukusanya nyoka wengi wa Afrika pamoja na Echis, iliacha kutengenezwa mwaka 2014 na chupa za mwisho zikafikia tarehe ya kuharibika Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaliingiza suala la kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa, likikadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kwa mwaka duniani. Nina maoni yangu juu ya neno "yaliyopuuzwa", ambalo linazungumza kana kwamba hakuna aliyepuuza. Kwa mgonjwa wa Lodwar swali ni dogo zaidi: je, friji ya karibu ina chupa, na chupa hiyo inamjua huyu nyoka?

Kuna kichekesho kidogo upande wa pili. Sumu ya Echis wa Asia ndiyo iliyowapa watafiti wazo la tirofiban, dawa ya kuzuia damu isigande kwa wagonjwa wa moyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kinachomuua mchungaji ndicho kilichofundisha wodi za moyo za wenye uwezo.

Wenzetu wanaosoma haya Muscat na Sur wasidhani ni habari za bara tu. Oman ina Echis wa tambarare za changarawe na mashamba, na ina Echis omanensis wa milimani, aliyetambuliwa rasmi kuwa spishi mwaka 2004, anayejibanza usiku kando ya vidimbwi vya mabonde akingoja vyura. Fizi za mtu zitatoka damu vilevile. Chupa ya dawa ndiyo tofauti, na anayetoka huku kwenda kule asiibebe ya huku mkobani.

Nyumbani kwangu nimebadilisha machache. Tundu la bafu lina wavu wa chuma wa matundu madogo, nimeugandisha kwa saruji. Chini ya mlango pana kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari kinachogusa sakafu. Taa ya nje nimeihamishia kwenye nguzo mbali na mlango, mijusi ikahama nayo. Nafaka iko kwenye pipa lenye mfuniko, si gunia. Watoto hawalali tena chini. Na kwa asiye na kitanda, neti iliyochomekwa vizuri chini ya mkeka hufanya kazi mbili, mbu na nyoka, jambo ambalo utafiti wa Nepal uliliona kwa nyoka wa huko wanaouma watu usingizini. Vitunguu saumu, oili chafu na moshi wa tairi nimevijaribu zamani. Moshi ulitutoa sisi.

Mama jirani hakubaliani nami kuhusu lile jiwe jeusi la kufyonza sumu, ambalo ni kipande cha mfupa uliochomwa. Linanata kwenye kidonda kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza majimaji ya juu juu, sumu imeshaenda. Tulikubaliana nusu: anaweza kuliweka, mradi liwekwe tukiwa tayari njiani. Kuchanja hapana, na kwa nyoka huyu asiyeacha damu igande kila wembe ni kidonda kipya kisichofunga. Kufunga kamba ya kukaza hapana. Bangili, pete na shanga za mkono au mguu ulioumwa zinavuliwa mara moja, kabla ya uvimbe. Wanawake wa hapa wanajua uzito wa jambo hili, kuna bangili zisizotoka ila kwa msumeno. Kiungo kinatulizwa kwa kibao na kitambaa kama kilichovunjika. Maumivu yapewe paracetamol, kamwe si aspirini au ibuprofeni, kwa kuwa hizo nazo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Nyoka hafukuzwi ili "apelekwe kama ushahidi". Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na ikikosekana kichupa cha dakika 20 kitasema.

Usafiri ni bodaboda, mgonjwa katikati, mtu wa tatu nyuma amemshika. Namba ya dereva tuliyepatana naye iko ukutani kwangu, imeandikwa kwa mkaa juu ya swichi, kubwa, ili isomeke kwa tochi stima ikipotea. Rundo la mathenge nalo tulilihamisha Jumamosi moja, mimi na kijana wa darasani kwangu, kwa reki ndefu na viatu vya buti. Chini yake kulikuwa na nge wawili, ndala iliyopotea tangu Krismasi, na kwenye pembe ya ukuta, pale ambapo mtoto wangu huketi kuosha miguu jioni, kitu kilianza kukaangika.